Union Version mezani: Biblia ya kufundishia enzi ya Mungu Malindi, na mistari minne ya kuangalia

Kikundi cha funzo kikiamua kushika somo la enzi ya Mungu, yaani kwamba Mungu anatawala vyote na hakuna linalomponyoka, jambo la kwanza ni kukubaliana Biblia gani itakaa mezani. Watu wakija na tafsiri tatu, nusu ya jioni huishia kwenye "mbona yangu haisemi hivyo". Makanisa mengi ya Malindi yamebaki na Union Version, ile iliyotoka nzima mwaka 1952, na kwa somo hili hasa naona hayajakosea. Lugha yake ina ladha ya pwani, maneno yake ya kifalme ni mazito, na haiogopi kusema wazi kwamba Mungu ndiye atendaye. Lakini iko mistari minne ambapo Kiswahili chake kinamkwaza msomaji wa leo, na yote minne imekaa kwenye kitovu cha somo lenyewe. Mwalimu asiyeijua atakuta watu wametoka na fundisho ambalo yeye hakulifundisha.

Tuanze na kitabu kama kitu cha kushika mkononi, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na karatasi. Usivutiwe na jalada, tazama mgongo. Fungua katikati ya kitita kimoja cha kurasa: ukiona uzi kwenye mkunjo, kimeshonwa, usipoona ila gundi mgongoni, kimebandikwa tu. Cha gundi kikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari au ndani ya tuktuk, gundi hulainika, na haupiti muda Zaburi zinaanza kutoka karatasi moja moja, kwa kuwa kitabu hufunguliwa hapo katikati kila siku. Chenye kifuko cha zipu kinaonekana kimelindwa, lakini zipu ya chuma hushika kutu huku pwani, na kutu huhamia kwenye kingo za kurasa. Walioko Lamu na visiwani wasikifunge kwenye mfuko wa plastiki wakati wa masika. Unyevu uliomo kwenye karatasi hukosa pa kutokea, na ukungu huanzia kwenye mshono. Kisimame rafuni kipate hewa.

Kikiwa kipya, usikifungue ghafla katikati. Kisimamishe kwa mgongo, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha fungua kurasa chache kutoka kila upande, ukikandamiza polepole kwa kidole mpaka ukutane na katikati. Mgongo uliovunjwa siku ya kwanza haurudi. Kuweka alama, tumia penseli za rangi. Wino wa maji hupenya mpaka upande wa pili, na kalamu ya kawaida huacha mfereji kwenye karatasi nyembamba. Chukua rangi mbili, zitahitajika kwenye kitabu cha Kutoka.

Sasa maneno yenyewe. Uzuri wa Union Version kwa somo hili unaonekana tangu Zaburi 103:19: "BWANA ameweka kiti chake cha enzi mbinguni, na ufalme wake unavitawala vitu vyote." Herufi kubwa za BWANA si mapambo. Zinaonyesha kwamba kwenye Kiebrania hapo pana jina lenyewe la Mungu, zile herufi nne, wala si neno la kawaida la bwana mwenye mali. Mwalimu alieleze hilo mara moja, siku ya kwanza, basi kila ukurasa wa Agano la Kale utakuwa umemsaidia kazi: anayetawala ana jina, na amefanya agano na watu.

Kisha iko Waefeso 1:11, inayosema kwamba Mungu "hufanya mambo yote kwa shauri la mapenzi yake". Hapa lugha ya mtaani inaingilia kati. Mtu akikwambia "shauri yako", maana yake amejitoa, matokeo utayabeba mwenyewe. Na mtu akisema "hiyo shauri ya Mungu", mara nyingi amekata tamaa tu. Msomaji akiuleta mzigo huo kwenye Waefeso atasikia Mungu asiyejali. Kumbe shauri la mstari huu ni lile la wazee waliokaa barazani, wakalipima jambo pande zote, wakaamua. Ni uamuzi wenye akili na nia. Dakika tano za kulitofautisha neno hili zinaokoa jioni nzima.

Neno jingine lililo hazina ni kujalia. Paulo akiaga Efeso, Matendo 18:21, anasema atarudi, "Mungu akinijalia". Kila mtu Malindi na Lamu, Mkristo na Mwislamu, anamaliza mipango yake kwa majaliwa au inshallah, na Yakobo 4:15 inamtaka Mkristo aseme vivyo hivyo: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Majaliwa yanatokana na kujaliwa, na kujaliwa lazima awepo anayejalia. Hapo ndipo imani ya Kikristo inapotaka msomaji atue: anayejalia ni Baba. Usilifanye somo kuwa ubishi na jirani kuhusu kudura au takdiri, hilo halihitajiki kabisa. Soma tu kile ambacho maandiko yanasema juu ya huyo ajaliaye.

Basi, ile mistari minne.

Wa kwanza ni Mathayo 10:29. Union Version inasema mashomoro wawili huuzwa kwa senti moja, "wala hata mmoja haanguki chini asipojua Baba yenu". Msomaji anabaki na Mungu anayejua habari, kama mtu aliye juu ya mnara akitazama ajali barabarani. Lakini kwenye Kiyunani hakuna neno la kujua. Imeandikwa kwa ufupi kwamba shomoro haanguki "pasipo Baba yenu". Hiyo ni zaidi ya taarifa. Ni kwamba kuanguka kwenyewe hakutokei nje ya mkono wake. Kwa kijana aliyefiwa, tofauti ya Mungu aliyejua na Mungu aliyekuwapo na kutawala ni kubwa mno. Andika "pasipo" kwa penseli ukingoni.

Wa pili ni Isaya 45:7, na huu ndio unaoleta kelele nyingi: "Mimi naiumba nuru, na kulihuluku giza, mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya." Vijana wengi hawaijui huluku, wazee wa pwani wanaijua, ni kuumba. Tatizo ni ubaya. Kwa Kiswahili cha leo ubaya ni uovu wa moyo, na mtu husikia kwamba Mungu ameumba dhambi. Neno la Kiebrania hapo ni pana, linabeba uovu na pia balaa, na linalolipa maana ni lile lililowekwa kinyume chake. Hapa kinyume chake ni suluhu, yaani amani na ustawi. Basi ni balaa: vita, njaa, mji kuangushwa. Union Version yenyewe inakupa ufunguo. Mithali 16:4 inataja "siku ya ubaya", na hakuna asomaye hapo akadhani ni siku ya kutenda dhambi. Na Amosi 3:6, neno la jamii ile ile limetafsiriwa "hali mbaya". Fungua mistari hiyo mitatu kwa pamoja, usieleze kitu kabla haijasomwa yote.

Wa tatu, Warumi 8:28: "Nasi twajua ya kuwa katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Wengi waliozoea kusikia kwamba mambo yote hufanya kazi kwa wema hushangaa wakidhani kitabu kimekosea. Hakijakosea. Baadhi ya nakala za kale sana za Kiyunani, ile ya Vatikani ikiwa mojawapo, zina neno Mungu kama mtendaji wa sentensi, na watafsiri waliufuata usomaji huo. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mambo hayajipangi yenyewe, yuko anayeyapanga. Hatari iko kwenye "pamoja na". Msikilizaji anaweza kuondoka akidhani Mungu ni mshirika wa biashara anayengoja tuweke mtaji nusu. Mwalimu asome mpaka mstari wa 30 bila kusimama, ahesabu vitenzi: kujua tangu asili, kuchagua, kuita, kuhesabia haki, kutukuza. Mtendaji wa vyote ni mmoja. Na asisahau mstari wa 29 unaosema mema hayo ni nini, yaani kufananishwa na Mwana. Aliyeahidiwa gari au nyumba kwa mstari huu amedanganywa.

Wa nne ni Mithali 16:33: "Kura hutupwa katika mikunjo ya nguo; lakini hukumu zake zote ni za BWANA." Kwa Mkenya kura ni karatasi ya uchaguzi na sanduku. Mwaka wa uchaguzi mstari huu huchomolewa na kupigwa muhuri juu ya mshindi. Kura ya Mithali ni vijiwe vilivyotiwa kwenye pindo la vazi na kutikiswa mpaka kimoja kitoke, na hukumu hapo ni uamuzi unaotokana na kijiwe hicho, si kifungo cha mahakamani. Fundisho lake ni kwamba hata kile kinachoonekana bahati nasibu hakimponyoki Mungu. Mstari hausemi kwamba kila anayetawala anatenda haki.

Baada ya mistari hiyo, niseme wapi Union Version inaipita kila tafsiri nyingine kwa msomaji wa hapa: Matendo 27. Sura hii, ya Paulo na wenzake wakipigwa na dhoruba baharini, ni somo zima la enzi ya Mungu, na imeandikwa kwa maneno ya watu wa chombo. Wanatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma ya chombo. Wanaogopa kupwelewa penye miamba. Wanapima maji, wanapata pima 20, kisha pima 15. Mvuvi yeyote wa Malindi anayejua tezi na omo anaona chombo hicho kikisogea pwani gizani bila kuelezwa. Watu 276, usiku wa kumi na nne. Sasa angalia mistari miwili. Katika 22 Paulo anatoa neno la Mungu kwamba hapana hata nafsi moja itakayopotea, ila merikebu tu. Limekwisha amuliwa. Katika 31 mabaharia wanashusha mashua kwa ujanja wakitaka kutoroka, na Paulo yule yule anamwambia akida: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanazikata kamba. Wengine baadaye wanafika pwani kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Mweke mtu mmoja asome 22, mwingine asome 31, kisha uliza swali moja tu: kama Mungu alikwisha ahidi, kwa nini Paulo hakukaa kimya? Acheni swali lifanye kazi. Jibu litatoka kwao: Mungu aliyeamua mwisho wa safari ndiye aliyeamua na njia, na mabaharia wenye ujuzi walikuwa sehemu ya njia hiyo. Hapo ndipo imani hii inapoachana na liwalo na liwe. Anayesema "Mungu amepanga" halafu anatoka baharini wakati wa kusi kali bila kuangalia hali ya hewa, au anamwacha mtoto mwenye homa bila kupimwa malaria, ameshika mstari wa 22 na kuutupa wa 31.

Na eneo hili lina sababu ya kulisema hilo kwa sauti. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Mungu. Somo la enzi ya Mungu likifundishwa sawasawa humvua kila mwanadamu haki ya kujiweka kwenye kiti hicho. Mapenzi ya Mungu yaliyofichwa ni yake, na yaliyofunuliwa ni yetu sote tuyasome, ndivyo isemavyo Kumbukumbu la Torati 29:29. Mchungaji anayedai ameonyeshwa kwa siri saa ya wewe kufa amevuka mpaka wa mstari huo, na mtu wa kwanza wa kuambiwa ni chifu au polisi.

Zile penseli za rangi sasa. Chukua Kutoka sura ya 4 hadi 14. Rangi moja pale BWANA anapoufanya mgumu moyo wa Farao, kwa mfano 9:12, 10:20 na 14:8. Rangi ya pili pale Farao anapoufanya mwenyewe, kama 8:15, 8:32 na 9:34. Ukimaliza utaona rangi ya Farao imejaa mwanzoni mwa mapigo, na ile nyingine inaongezeka kuelekea mwisho, ingawa Mungu alikwisha litaja tangu 4:21. Kosa la kawaida ni kutumia rangi moja tu. Wenye kupenda uhuru wa mwanadamu wanaruka mistari ya kwanza, wenye kupenda uteuzi, yaani kwamba Mungu ndiye anayewachagua walio wake, wanaruka ya pili. Kurasa zenye rangi zote mbili hazimruhusu yeyote kuruka.

Meza ya Malindi kwa kawaida ina watu wa makanisa tofauti, na kitabu hiki hakiwafanyi wote wakae sawa. Mwanglikana ana Ibara ya 17 kati ya zile 39, inayofundisha uteuzi kuwa faraja. Mmethodisti amerithi msimamo wa John Wesley, aliyepinga uteuzi usio na sharti. Mkatoliki ana neno lake zuri, Maongozi ya Mungu, lakini Union Version yenye vitabu 66 itamnyima mstari ambao angeupenda, Hekima 14:3, unaosema juu ya chombo baharini kwamba Maongozi ya Baba ndiyo yanayokiongoza. Huo ni upungufu wa kweli kwa mji wa bandari. Aje na Biblia yake yenye vitabu 73, asomee wengine. Kwa sababu ya tofauti hizo Warumi 9, sura inayobishaniwa sana juu ya uteuzi, isianze. Mkianza nayo, kila mtu anasimama upande wa kanisa lake kabla hajasoma. Anzeni na Zaburi 103, mje Mwanzo 37 hadi 50 mpaka Yusufu aseme "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema", mje Matendo 27, kisha Matendo 2:23 ambapo msalaba wenyewe ni shauri la Mungu na papo hapo ni kosa la watu wabaya. Mkifika Warumi 9 mtakuwa na kitu cha pamoja mkononi. Jioni 6 zinatosha, saa moja na nusu kila moja.

Kwenye matanga, kitabu hiki kitumike kwa mpango tofauti. Usianze na Warumi 8:28 mbele ya mama aliyefiwa leo asubuhi. Mstari ni wa kweli, saa yake bado. Ayubu 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa", ni maneno ya mfiwa mwenyewe. Akiyasema mwenyewe yana uzito, akisemewa na mgeni ni jiwe. Soma Yohana 11 mpaka pale Yesu anapolia machozi, hali akijua dakika chache mbele atamfufua Lazaro. Huyo ndiye atawalaye. Kisha nyamaza, beba viti.

Wanaotumia simu wanapata maandishi haya haya kwenye programu za Biblia bila malipo, na utafutaji ni wa haraka kuliko itifaki ya karatasi, ile orodha ya maneno ya Biblia na mistari yalipo. Ila Kiswahili kina viambishi, na programu nyingi hutafuta herufi tu. Ukiandika "kuhuluku" utakosa "kulihuluku". Andika mzizi peke yake: huluku, jalia, kusudi, azimu, enzi. Kwa enzi utaletewa pia "wenzi" na "wenzi wake", vumilia na chuja. Kasoro kubwa ya simu ni kwamba inakupa mstari ukiwa umekatwa na wenzake, na somo hili ndilo linaloumizwa zaidi na mistari iliyokatwa.

Anayenunua kwa ajili ya kikundi achukue za jalada gumu zilizoshonwa, maandishi makubwa angalau moja kwa ajili ya wazee, na zote za chapa moja ili namba za kurasa zilingane. Asiyezoea Biblia hutafuta kwa ukurasa, na akikosa mara mbili huacha kutafuta. Kabla hamjazigawa, kaeni na penseli dakika kumi: "pasipo" kwenye Mathayo 10:29, "balaa" kwenye Isaya 45:7, "soma hadi 30" kwenye Warumi 8:28, "vijiwe" kwenye Mithali 16:33.